Wagonjwa wa Bati wa Sista Roselyne

Ungemkuta Roselyne Nekesa kwenye zahanati yake pale Al Sadd, mjini Doha, akimdunga mtoto sindano huku akimsimulia habari za paka aliyeiba samaki, ungeapa kwamba mama huyu hajawahi kuogopa kitu tangu azaliwe. Madaktari walimwogopa yeye. Wagonjwa waliokuja na malalamiko ya uongo ili wapewe siku mbili za mapumziko walikuwa wakichungulia kwanza dirishani kuona kama yuko zamu, na wakimwona wanarudi kazini wakiwa wamepona kabisa.

Alitoka Bungoma mwaka 2004 akiwa na cheti cha uuguzi na masanduku mawili, na kufikia 2013 alikuwa amekaa Doha miaka tisa. Aliishi mtaa wa Muaither, katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na Hannah, msichana wa Murang'a aliyefanya kazi ya ofisi. Hannah alikuwa na chumba kimoja. Roselyne alikuwa na cha pili, na ndani ya chumba hicho cha pili walilala wagonjwa thelathini na saba.

Wagonjwa wenyewe walikuwa treni za kuchezea.

Wa kwanza alimwokota mwaka 2006, wakati mji mzima ulikuwa ukipakwa rangi kwa ajili ya Michezo ya Asia. Kila mwezi wa sita familia za kigeni huhama na kuacha nje ya lango vitu visivyoingia sandukuni. Roselyne alikuwa akirudi kutoka kazini akaona kichwa cha treni cha bati, rangi ya kijani, kimelala ubavu juu ya godoro lililotupwa. Kilikuwa cha kujaza kwa ufunguo kama saa za zamani, lakini kamani yake, ile springi ya ndani, ilikuwa imekwama. Alikibeba ndani ya mkoba wake wa kazi. Akakifungua kwa koleo nyembamba za hospitali, akakisafisha kwa vijiti vya pamba, akakipaka mafuta ya cherehani tone moja moja. Siku ya tatu kilitembea mezani, kikaanguka kwenye sahani ya ugali wa Hannah. Hannah alikasirika, lakini Roselyne alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu avuke bahari.

Kwa kuwa muuguzi ni muuguzi hata akiwa na mgonjwa wa bati, alimfungulia kadi. Jina: Kijani. Umri: miaka hamsini, kwa kukisia. Malalamiko: hatembei. Uchunguzi: kamani imekwama, meno mawili ya gia yamelika. Matibabu. Maendeleo. Na kila mgonjwa aliyefuata, awe ametoka jalalani au kwenye soko la mitumba, alipata kadi yake iliyojazwa kwa mwandiko ule ule uliolala kulia.

Watu wa nyumbani waliomtembelea waliona treni mbili tatu zimepangwa rafuni sebuleni, wakadhani anawakusanyia wapwa zake. Roselyne hakuwahi kusema ndivyo. Hakuwahi kusema sivyo pia, na hapo ndipo tuanzie kumlaumu.

Maana kulikuwa na kitu kimoja alichokiogopa, nacho ni kuchekwa. Damu hakuiogopa, wala bosi, wala polisi wa barabarani. Ila wazo la kwamba watu wazima, watu wa kwao, wangesikia kuwa mama wa miaka arobaini na mitatu anazipenda treni za kuchezea kwa sababu anazipenda tu, lilimfanya aufunge mlango wa chumba kila wageni walipoingia.

Kwenye intaneti hakuwa na haya. Huko alikuwa anajulikana. Kulikuwa na ukurasa wa wakusanyaji wa treni duniani kote, naye alibandika humo picha za kadi zake, akafasiri maelezo kwa Kiingereza. Watu wakazipenda kadi kuliko treni. Mwezi wa tatu mwaka huo wa 2013 akaandikiwa na mzee mmoja wa Uingereza aitwaye Trevor, katibu wa chama chao. Kila Oktoba, mzee alisema, wakusanyaji hukutana katika ukumbi mkubwa wenye meza mamia na reli zinazouzunguka ukumbi mzima. Wangependa aje. Wangempa meza siku ya Jumamosi kwa saa nzima, watu wamletee treni zilizokufa, naye azitibu mbele ya macho yao. Awalete na wagonjwa wake waliopona, na kadi zote thelathini na saba.

Roselyne alisoma barua hiyo mara nne, kisha akajibu kwa neno moja kwamba atakuja.

Alijipanga kama anavyopanga chumba cha upasuaji. Alitafuta barua ya mwaliko, akaomba viza, na pale fomu ilipouliza madhumuni ya safari aliandika bila kutetemeka: treni za kuchezea. Viza ikatoka. Kazini, karani wa likizo alikuwa ameshaandika Nairobi kabla Roselyne hajaketi, kwa sababu Mkenya akichukua likizo huandikiwa Nairobi tu. Roselyne akachukua kalamu, akakata, akaandika Uingereza. Karani akamuuliza kuna nini huko. Akajibu kuna mkutano, na kibali cha kutoka nchini kikapatikana baada ya siku mbili. Roselyne alimpigia simu mama yake mzazi, akamweleza yote. Mama alisikiliza, akauliza kama huko kwenye treni kuna chakula, kisha akasema yeye hahami, mwanawe aende, atamkuta Desemba.

Mizigo aliipima mapema. Alisimama juu ya mizani mikono mitupu, kisha akiwa amekumbatia sanduku, akatoa uzito wake. Treni tisa, mabehewa, reli, zana, kadi na sweta mbili: kilo ishirini na tisa. Ndege iliruhusu thelathini. Akaridhika, akabandika tarehe mlangoni mwa friji: 9 Oktoba, safari.

Hannah aliiona tarehe hiyo asubuhi moja ya Septemba akichukua maziwa. Na Hannah ni mtoto mwema, hili lieleweke. Alitoa simu akaandika kwenye grupu la Wakenya wa Muaither: "Sista Rose anaenda home tarehe tisa. Wenye mizigo mjipange mapema."

Asiyewahi kuishi mbali na kwao hataelewa uzito wa ujumbe huo. Mtu anayerudi nyumbani ni posta ya watu wote. Utamkabidhi simu ya mdogo wako, viatu vya shule, marashi ya shangazi, na atakayekataa atakumbukwa kwa kukataa. Roselyne alikuwa amerudi nyumbani mara nane, na mara zote nane alibeba mizigo ya watu. Alikuwa na sheria zake. Kila kifurushi kilifunguliwa mbele ya mwenyewe, kikapekuliwa hadi mishono, kisha kikafungwa upya na kuandikwa juu jina la mpokeaji na namba yake ya simu. Na mara zote nane, pale uwanja wa ndege, alipoulizwa kama kuna mtu aliyempa kitu ambebee, alisema hapana huku moyo ukimdunda, kwa maana ni nani angesema ndiyo akabaki Doha.

Alipouona ujumbe wa Hannah alikuwa kazini. Kidole kilishaning'inia juu ya simu ili arekebishe, mgonjwa akaitwa, na alipopata nafasi tena watu kumi na wanne walikuwa wameshashukuru. Jioni alikuta vifurushi vitatu mlangoni. Kesho yake vilikuwa saba. Kulikuwa na blanketi zito la chui, pasi ya umeme, na mikebe ya maziwa ya unga. Kila mwenye mzigo alipofika Roselyne alifungua mdomo aseme, na kila mara kikatoka kile kile alichozoea: kifungue nikione.

Lakini aliyemmaliza kabisa ni Herbert.

Herbert alikuwa dereva wa basi la kampuni, mtu wa Kisii, mpole, mwenye kukaa katika kambi ya wafanyakazi huko Industrial Area na watu wengine watano chumba kimoja. Mama yake alikuwa na presha. Miezi miwili nyuma alimfuata Roselyne baada ya ibada, akamweleza jinsi mama anavyoanguka shambani, na Roselyne, kwa ile sauti yake inayofanya madaktari wanyooke, alimwambia mama huyo asikae hata mwezi bila mashine ya kupimia. Herbert akanunua. Sasa alikuwa mlangoni ameishika kwa mikono miwili. Alisema tu kwamba tangu asikie anasafiri amelala vizuri.

Roselyne akaipokea. Usiku ule hakula.

Alhamisi ya wiki ya mwisho ya Septemba alipima mizigo ya watu. Kilo arobaini na nne, na hapo hajaweka treni hata moja. Alikaa kitandani akitazama milima miwili, wa vifurushi na wa treni za bati, na akafanya kile alichokuwa akikikwepa: akapiga hesabu ya kubadilisha tiketi. Ingewezekana. Angempigia Trevor aseme amepata dharura. Angeenda Nairobi, angegawa mizigo, na hakuna ambaye angejua kamwe kwamba kulikuwa na meza Uingereza inayomngoja. Wazo hilo lilikuwa rahisi mno, nalo likamuuma mno, na maumivu hayo ndiyo yaliyomzindua. Roselyne anayajua maumivu. Yanaonyesha mahali.

Akachukua kadi mpya, akaijaza kwa mwandiko wake uliolala kulia.

Mgonjwa: Roselyne Nekesa. Umri: 43. Malalamiko: hawezi kusema. Uchunguzi: mdomo mzima, ulimi mzima, ameficha mwenyewe. Matibabu: aseme Ijumaa baada ya ibada, mbele ya wote, bila kupunguza.

Mficha maradhi, kilio humfichua, na yeye alikuwa amewaambia wagonjwa msemo huo kwa miaka ishirini.

Doha Ijumaa ndiyo Jumapili ya Wakristo, na baada ya ibada kundi lao lilikuwa na desturi ya kunywa chai kwa zamu. Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Muaither. Walikuja watu kumi na sita. Walipoingia walikuta meza imesukumwa ukutani, na juu ya zulia duara la reli, na juu ya reli Kijani akiwa na mabehewa sita. Roselyne alisimama. Akamjaza ufunguo Kijani, akamwachia, na treni ikizunguka miguuni mwao akawaambia. Aliwaambia kwamba haendi nyumbani. Anaenda Uingereza kwenye mkutano wa watu wanaokusanya treni kama hizi. Treni si za wapwa. Ni zake, anazipenda, na huko kuna watu wanaomngoja azitibu. Alijua tangu Machi na akanyamaza, akapokea mizigo yao akijua hataibeba, na hilo ni kosa lake peke yake, wala si la Hannah.

Kijani alimaliza mizunguko yake akasimama. Nyuma huko mtu alicheka, kisha wengine wawili. Roselyne alisubiri kicheko kimpige, kikampiga, na akaona bado amesimama. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiogopa kitu cha ukubwa huo tu.

"Rose, si ungeniambia tu?" Hannah alisema. "Mimi nimekutangaza kwa watu wote."

"Ningekuambia. Niliona haya."

Herbert hakucheka. Alikwenda kwenye lundo la vifurushi, akachagua chake, akakishika kwapani.

"Sista, mimi sina shida na treni," alisema. "Lakini ni wewe uliniambia mama asikae bila hii. Nimekaa wiki mbili nikijua iko njiani."

"Ni mimi niliyekuambia. Na nimekukosea, Herbert. Lakini safari yangu siivunji."

Herbert aliinamisha kichwa, akavaa viatu, akatoka. Hakuubamiza mlango. Roselyne angependelea aubamize.

Wengine walikunywa chai yao, wakachukua vifurushi vyao mmoja mmoja, baadhi kwa utani, baadhi kwa kununa. Roselyne alikuwa jikoni akiosha vikombe alipoingia Gerishon, mpishi wa hoteli moja pale Al Sadd, mtu mnene mwenye maneno mengi ambaye siku hiyo hakuwa amesema hata moja. Alifunga mlango. Akafungua bomba la maji ili wasisikike. Kisha akakiri kwamba yeye anaruka tarehe mbili kwenda nyumbani, Nairobi kabisa, na amemficha kila mtu tangu Julai kwa sababu mwaka uliopita walimtwika cherehani.

Roselyne alicheka hadi akashika sinki. Walikuwa wawili, basi, mmoja anaficha asikokwenda na mwingine anaficha anakokwenda. Gerishon alisema cherehani hataki, mablanketi hataki, lakini mashine moja ya mama mgonjwa haina uzito, na akifika ataituma Kisii kwa basi. Kisha akamwomba asimtangaze.

Jumapili, alipotoka zamu, Roselyne alichukua teksi hadi Industrial Area. Hakumpigia Herbert simu, alijua hatapokea. Alisimama nje ya karakana ya mabasi, katika vumbi, na sare yake nyeupe, mafundi wakimkodolea macho, hadi Herbert akatoka akipangusa mikono.

Alimweleza habari za Gerishon. Kisha akampa kadi. Haikuwa ya treni, ilikuwa ya mama yake. Mgonjwa: Mama Nyaboke. Ilieleza kwa Kiswahili chepesi na kwa herufi kubwa jinsi ya kukaa, mkono uwekwe wapi, apime saa ngapi, namba ipi ni nzuri na ipi ni ya kukimbilia hospitali. Nyuma ilikuwa na jedwali tupu la siku thelathini.

Herbert aliisoma pale pale, pande zote mbili. Akaenda kambini kwake, hapo nyuma ya karakana, akarudi na mashine, akamkabidhi. Hakusema ahsante, naye Roselyne hakuingoja. Alikuwa ameshapanda teksi Herbert alipoinama dirishani kuuliza atakwenda uwanja wa ndege na nani. Roselyne akasema atapata gari. Herbert akasema basi, na kwa namna alivyolisema hakuna aliyeweza kujua maana yake.

Siku zilizobaki zilikwenda kwa mpango. Treni zilifungwa katika taulo, kila moja na kadi yake. Kijani alilala katikati kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Hannah, ambaye sasa alikuwa ameugeukia mkutano huo kana kwamba aliuanzisha yeye, alimnunulia soksi nene na kuandika kwenye grupu kwamba Sista Rose anakwenda Uingereza kwa shughuli za kitaalamu. Roselyne alimfanya aiandike upya, akaitazama akiiandika: treni za kuchezea.

Tarehe tisa, saa tatu asubuhi, mlango uligongwa. Alikuwa Herbert, amevaa shati la ibada, akiwa na gari dogo aliloliazima kwa fundi mmoja wa karakana. Akabeba sanduku bila kuuliza. Walipofika uwanja wa ndege, akalitoa sanduku, akaliweka kwenye toroli, kisha akaingiza mkono mfukoni.

"Najua mizigo ya watu umeacha," alisema. "Hiki ni kidogo."

Kilikuwa kifurushi kidogo kiasi cha kiberiti, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi mweupe, barabara kabisa, kama vifungwavyo vile vikubwa. Roselyne alitikisa kichwa.

"Unajua sheria yangu, Herbert."

"Kifungue. Lakini soma juu kwanza."

Juu, mahali pa mpokeaji, kwa herufi ndogo za peni, kulikuwa kumeandikwa Roselyne Nekesa, na chini yake namba yake mwenyewe ya simu.

Katika miaka tisa alikuwa amebeba vifurushi mia na ushei. Alijua majina ya watu wa Kisii, wa Nyeri, wa Kitale ambao hajawahi kuwaona. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuwa na jina lake. Alifungua uzi polepole, kwa kucha, kama anayefungua bendeji. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, na kwenye karatasi tarakimu za siku nne, asubuhi na jioni, zilizosomwa kwa simu kutoka Kisii na kuandikwa na Herbert katika mistari aliyoichora kwa rula. Ya jana jioni ilikuwa mia moja ishirini na nane juu ya themanini na mbili. Chini yake: Mama anasema nenda salama, na hizo treni uzitibu vizuri.

Roselyne aliisoma yote kama muuguzi, safu kwa safu, kisha macho yakajaa akashindwa kuendelea kuwa muuguzi. Herbert alitazama pembeni, akaliangalia gari lake la kuazima kana kwamba lina kasoro. Roselyne alilifungua sanduku pale pale kwenye toroli, akatafuta behewa la mwisho la Kijani, lile la mizigo, akaikunja karatasi ndani yake na kukifunga kimlango cha bati.

Kwenye mizani sanduku lilisoma kilo ishirini na tisa. Kijana wa kaunta alimuuliza, bila kuinua macho, kama kuna mtu yeyote aliyempa kitu ambebee.

"Hapana," alisema Roselyne. "Vyote ni vyangu."

Na moyo wake haukudunda hata kidogo.